Ruzuku ya Ufundi Nchini Kenya: Je, Itabisha Mlango wa Chuo cha Kijijini?

Katika kila mstari wa nyumba za askari yuko kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye alama zake hazikumpeleka mbali. Asubuhi huteka maji, mchana hukaa kivulini, na jioni baba yake arudipo lindoni humwambia kuwa mtu mzima hali ugali wa kukaa. Mama humtetea. Mazungumzo ya namna hiyo hayakomi mpaka mmoja wao ataje neno "ufundi", na hapo huzuka swali la pili lililo gumu kuliko la kwanza: karo italipwa na nani?

Jirani zetu wa Kenya wamekabiliana na swali hilo tangu walipopata uhuru, na mwaka 2018 walichukua hatua kubwa. Serikali yao iliamua kwamba kijana anayejifunza ufundi katika chuo cha umma apewe ruzuku, na akitaka, apewe na mkopo, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la wanafunzi wa vyuo vikuu. Leo, katika kurasa hizi za nyumbani, twataka kueleza jinsi hatua hiyo ilivyoingia mfukoni mwa mzazi na mahali ilipokomea. Maana ilikomea mahali, napo ni kwenye mlango wa chuo kilicho karibu zaidi na nyumba ya maskini.

Yafaa tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Wakristo wa Kenya lilitoa taarifa iliyouliza swali fupi: baada ya shule, nini? Shule za msingi zilikuwa zikitoa watoto kwa maelfu kila mwaka, nafasi za sekondari zilikuwa chache, na mjini kazi hazikuwatosha wote walioziendea. Jibu lililopendekezwa lilikuwa chuo kidogo cha ufundi kijijini, kisichohitaji majengo ya fahari, chenye mwalimu ambaye mwenyewe ni fundi, na kinachofundisha kazi ambayo watu wa pale wako tayari kuilipia. Kama kijiji chataka milango, kijana ajifunze useremala. Kama chataka sare za shule, ajifunze kushona. Vyuo vya namna hiyo vikaenea, na katika miaka ya 1970 serikali nayo ikawa inavisaidia.

Wakati huo huo wananchi walikuwa wakichanga fedha kwa harambee ili kujenga vyuo vya ufundi vilivyo vikubwa zaidi. Kuku waliuzwa, ng'ombe wakatolewa, na watumishi wakakatwa mishahara. Kimoja cha vyuo hivyo kilikuwa kile cha Kakamega, magharibi mwa Kenya, kilichojulikana kwa kifupi kama WECO. Lakini vyuo vina tabia moja na watu: kila kimoja hutaka kupanda cheo. Mwaka 2007 chuo hicho cha Kakamega kilikuwa kimekwisha geuka kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mwaka 2013 vyuo vya ufundi vya Nairobi na Mombasa, ambavyo vilikuwa ndivyo nguzo za mafundi wa nchi nzima, navyo vikawa vyuo vikuu vya kiufundi. Wasomaji wetu walio jeshini watalielewa jambo hili bila maelezo marefu: kikosi ambacho kila mtu ni ofisa hakina wa kuchimba handaki.

Fedha nazo zilipanda pamoja na vyeo. Mfuko wa kwanza wa mikopo ya elimu ya juu nchini Kenya ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, kwa ajili ya waliokwenda kusoma nje ya Afrika ya Mashariki. Tangu 1974 wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakikopeshwa na serikali ya nchi huru, na mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo Wakenya huiita HELB. Kwa hiyo mtoto aliyesomea sheria alikuwa na bodi nyuma yake, na mtoto aliyesomea uashi alikuwa na ng'ombe wa baba yake, kama ng'ombe alikuwapo.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, na mama wa nyumbani asiogope, kwani ni hesabu ya sokoni. Katika utaratibu wa 2018 karo ya mwaka katika vyuo vya ufundi vya umma ilipangwa kuwa shilingi 56,420 za Kenya. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi 30,000 kwa kila mwanagenzi, na ruzuku hiyo hairudishwi. Zikabaki shilingi 26,420 za kulipwa na mzazi. Kama mzazi hana, kijana aliweza kuomba HELB mkopo wa hadi shilingi 40,000 kwa mwaka. Akipata zote, chuo huchukua 26,420 zake, na kijana hubakiwa na shilingi 13,580 za kujikimu. (Msomaji akumbuke kuwa shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi ishirini za kwetu Uganda.)

Shilingi 13,580 kwa mwaka mzima ni kama shilingi 37 kwa siku. Fedha hizo hazitoshi chakula, sembuse kodi ya chumba. Hata hivyo lisidharauliwe jambo lililotendeka. Kijana ambaye jana hakuweza hata kusogelea lango la chuo, leo karo yake yote imelipwa, na mzazi ameachiwa mzigo wa unga, sabuni na nauli, ambao ni mzigo anaoujua. Mkopo huo hutozwa riba ya asilimia nne kwa mwaka, na hudaiwa baada ya masomo kumalizika. Ni riba ndogo kuliko ya benki yoyote ya mjini, lakini ni deni, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Mzazi anayetia sahihi ya udhamini na ajue anachokitia sahihi.

Matokeo yalionekana upesi. Serikali ilikuwa imekwisha azimia kujenga chuo cha ufundi katika kila eneo bunge, nayo maeneo bunge ya Kenya ni 290. Ofisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo vikuu ikaanza kuwapangia na hawa wa ufundi. Kufikia mwaka 2019 idadi ya wanagenzi ilikuwa imepita 400,000. Alama nazo hazikuwa kizuizi kikubwa. Aliyepata C ya chini aliweza kusomea stashahada, aliyepata D akasomea cheti cha ufundi, na kwa walio chini ya hapo palikuwapo mafunzo ya ngazi ya kwanza ya fundi. Wazazi wengi waliokuwa wakiona haya kusema kuwa mtoto wao amepata D walipata neno la kuwajibu majirani.

Dosari zilikuwapo pia, na iliyo kubwa ni uchelewaji. Ruzuku ikiahidiwa Januari na kufika mwakani, mkuu wa chuo hana budi kukopa mbao, vyuma na unga wa jikoni kwa wafanyabiashara, na mwenye duka akichoka kudai, karakana hukaa kimya. Malalamiko ya vyuo kudai serikali fedha za ruzuku yamesikika Kenya mwaka baada ya mwaka. Mwanagenzi wa kuchomelea vyuma asiyeshika kifaa cha kuchomelea kwa muhula mzima hujifunza kuchora picha ya kifaa hicho. Hapo serikali imelipa nusu ya kazi na kupoteza kazi nzima.

Lakini lililotufanya tuandike makala haya ni jambo lingine, nalo ni la vyuo vidogo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawa kazi za serikali mara mbili. Vyuo vikuu na vyuo vya elimu ya juu vilibaki kwa serikali kuu. Vyuo vya ufundi vya vijijini, pamoja na elimu ya watoto wadogo na vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani, vikapewa serikali za kaunti 47, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Mgawanyo huo haukuwa na kosa kwa wakati wake. Chuo kidogo ni mali ya watu wa mahali, na ni haki kisimamiwe karibu. Lakini ulipofika mwaka 2018, na mfuko mkubwa wa ruzuku na mikopo ukafunguliwa, ulikuwa mfuko wa vyuo vya serikali kuu. Chuo cha kijijini kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Kisije kikasemwa kisichokuwapo: vyuo vya vijijini havikuachwa mikono mitupu. Serikali kuu ilikuwa imeweka ruzuku ya shilingi 15,000 kwa mwaka kwa kila mwanagenzi wao, yaani nusu ya ile ya vyuo vikubwa, na fedha hizo zilipitia kwenye kaunti kwa sharti kwamba zitumike kwa vyuo hivyo na si kwa kitu kingine. Kisha, katika mwaka wa fedha wa 2021/22, sharti liliondolewa. Mgao wa jumla wa kaunti uliongezwa ukafika shilingi bilioni 370, na ruzuku kadhaa zilizokuwa zikipelekwa pekee, ikiwamo hii ya vyuo vya vijijini, zikachanganywa humo. Tangu siku hiyo kila kaunti huamua yenyewe. Ikitaka kumlipia mwanagenzi wa ushonaji, itamlipia. Ikiona barabara au zahanati ni muhimu zaidi, hapana sharti la fedha la kuizuia.

Wako wanaosema kuwa huo ndio uhuru wa kaunti, na kwamba fedha zenye masharti ni kama posho ya mtoto. Hoja yao ina nguvu. Lakini mwandishi huyu ameishi kwa mshahara wa mwezi maisha yake yote, na ajua kuwa fedha ya karo ikichanganywa na fedha ya mboga, hapana anayekusudia kuila, nayo huliwa.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe, ila kwa hesabu za kweli. Mama mmoja mjane ana mabinti wawili. Wa kwanza alimaliza kidato cha nne mwaka 2018 akapata D. Akapangiwa chuo cha ufundi cha eneo bunge, akapata ruzuku ya 30,000 na mkopo, akasomea umeme. Wa pili aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Mtoto wake sasa ana miaka miwili, naye mama huyu kijana ataka kujifunza kushona. Chuo cha eneo bunge kiko mwendo wa matatu mbili, na mtoto hawezi kulala peke yake. Chuo cha kijijini kiko nyuma ya soko, kina cherehani, na mwalimu wake humruhusu kwenda kumnyonyesha mtoto saa nne. Kwa hesabu ya serikali, binti wa kwanza alistahili shilingi 30,000 za ruzuku. Wa pili alistahili 15,000 alipokuwa na bahati ya kuanza kabla ya 2021, na baada ya hapo anastahili kile ambacho kaunti yake imeona vyema kumpa. Hapana anayeweza kutuonyesha kuwa kazi ya binti huyu wa pili ina faida pungufu kwa taifa, wala kwa tumbo la mtoto wake.

Yatupasa pia kusema wazi ni watu gani husoma katika vyuo hivi vidogo. Ni wale ambao vyeti vyao vya shule ni vichache au havipo. Ni wasichana walio na watoto, na vijana waliokwisha kuoa ambao hawawezi kuiacha shamba kwa mihula mitatu. Wanapomaliza, wengi wao huketi mtihani wa ufundi wa serikali, ambao huanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Fundi wa daraja la tatu haheshimiwi ofisini, lakini ndiye aliyepaua nyumba yako, msomaji, na ndiye aliyeunga lile bomba lililokuwa likivuja jikoni.

Hapa patazuka swali la haki. Je, serikali ikipanua ruzuku ikafika kila kibanda chenye kibao cha "chuo", wadanganyifu hawatafungua vibanda? Watafungua. Historia imekwisha kulijibu swali hili, na jibu lake lawahusu askari wenyewe. Mwaka 1944, vita kuu ikiwa bado inapiganwa, Marekani ilitunga sheria ya kuwagharimia masomo askari wake warudipo nyumbani. Karibu askari milioni 7.8 waliitumia nafasi hiyo. Milioni 2.2 kati yao waliingia vyuo vikuu, na waliosalia, ambao ni wengi zaidi, walikwenda kwenye mafunzo ya kazi, shule ndogo za ufundi na mafunzo ya mashambani. Serikali ikawa inazilipa shule moja kwa moja, na mara wakazuka watu walioweka meza nne, wakaita shule, wakapokea fedha za askari bila kumfundisha kitu. Sheria iliyofuata ya mwaka 1952, kwa askari waliopigana Korea, ikalipa fedha mkononi mwa askari mwenyewe, na ikakataza shule ya binafsi kujaza zaidi ya asilimia 85 ya wanafunzi wanaolipiwa na serikali. Maana yake ni kwamba, kama hapana raia hata mmoja aliye tayari kutoa fedha yake kusoma pale, askari naye asipelekwe.

Marekani hawakuwafungia wanyonge mlango kwa sababu ya wezi. Waliweka mlinzi. Kenya nayo inaye mlinzi tayari: sheria ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya kusajili na kukagua vyuo vya ufundi, vikubwa kwa vidogo. Chuo cha kijijini kilichosajiliwa, chenye mwalimu aliye na kibali na daftari la mahudhurio lisilodanganya, hakipungukiwi na kitu cha kukizuia kupokea ruzuku sawa na ya jirani yake mkubwa. Kinachopungua ni mkataba kati ya serikali kuu na kaunti wa jinsi ya kuzifikisha fedha hizo bila kuzichanganya. Hilo ni jambo la mezani, na waungwana huweza kulimaliza mezani.

Utaratibu wenyewe umebadilika tena tangu mwaka 2023. Karo ya mwaka ya vyuo vya ufundi ilipangwa upya kuwa shilingi 67,189, na badala ya kila mwanagenzi kupewa kiasi kile kile, ufadhili na mkopo vikawekwa kufuata hali ya nyumba anayotoka: mwenye shida nyingi apewe zaidi, mwenye nafuu apewe kidogo. Kwa maneno ni haki tupu. Kwa vitendo, mama asiyejua kujaza fomu za mitambo hutegemea kijana wa dukani amjazie, na kosa moja la kuandika mapato ya nyumba huweza kumhamisha mtoto wake kutoka kundi moja hadi jingine. Na fomu zikijazwa sawasawa, chuo kinachozungumziwa bado ni kile cha serikali kuu.

Wasomaji wetu walio Busia, Tororo na Malaba huenda wakauliza kama mtoto wa kwetu aweza kuvuka mpaka akaifuata ruzuku hii. Hapana. Mkopo wa HELB ni wa raia wa Kenya, mwombaji hutakiwa awe na kitambulisho cha taifa hilo, na ruzuku ni ya wananchi wao. Mtoto wa Uganda akipokelewa katika chuo cha upande ule atalipa karo yote, na mzazi asimwamini wakala yeyote amwambiaye vinginevyo, hasa yule atakaye alipwe kwanza "ya kufungulia faili".

Kwa jamaa zilizo na ndugu upande ule wa mpaka, ambao ni Wakenya kwa haki, wakati wa kuulizia unajulikana: vyuo hupokea wanagenzi Januari, Mei na Septemba. Mzazi aendapo katika chuo cha kaunti, asiulize karo peke yake. Amuulize mkuu wa chuo kama kaunti imelipa ruzuku ya mwaka huu au ni ahadi ya mwaka jana, kama chuo kimesajiliwa na cheti cha usajili kimetundikwa wapi, na wanafunzi wa mwaka uliopita walifanya mtihani wa daraja gani. Kisha aombe aonyeshwe karakana. Ahesabu cherehani zinazofanya kazi, na ahesabu wanafunzi wanaozingojea.